Kilichouangusha Mji wa Mtang'ata

Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini falme za zamani zilikufa, nami nikamjibu kabla maji ya chai hayajachemka. Nilimwambia falme haziuawi na mgeni. Mgeni huja akakuta maiti imeshalazwa, yeye anazika tu na kurithi nyumba.

Hakuridhika. Alikuwa na karatasi ya shule yenye nafasi za kujaza, na jibu langu halikuingia katika zile nafasi. Yuko mwaka wa nane, shule ya hapahapa Macquarie Fields, pembezoni mwa Sydney, na mwalimu wao amewapa kazi ya kueleza jinsi ufalme mmoja wa kale ulivyodhoofika hadi ukamezwa na dola mpya. Wenzake wamechagua falme za Ulaya, zile za ngome na farasi. Yeye naye alitaka hizohizo kwa kuwa picha zake zimejaa kwenye simu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, "una bibi aliyezaliwa juu ya mji uliokufa, halafu unakwenda kuazima maiti ya watu?"

Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza, ndio utani wetu. Huyu wangu ananielewa kila neno ila ananijibu kwa Kiingereza, nami namwelewa, tunakwenda hivyo na hatujapotezana. Akaifuta Ulaya kwenye karatasi, akaniuliza mji wangu unaandikwaje.

Nimezaliwa Tongoni, kusini ya Tanga. Tongo ni mahame, mahali watu walipohama. Mji wenyewe wa zamani uliitwa Mtang'ata, na kilichobaki ni msikiti usio na paa na makaburi ya nguzo. Zile nguzo zina vishimo vya mviringo. Zamani vilibandikwa mabakuli ya Kichina yenye kung'aa, ili kila apitaye ajue kuwa aliyelala pale alikuwa mtu na watu wake. Mimi nilikuta vishimo vitupu, mabakuli yameshang'olewa na wenye kung'oa. Nilikuwa nikitia ngumi yangu mle, inaenea barabara, na bibi yangu aliyenilea akinivuta mkono. Alikuwa akisema bakuli lililobandikwa kaburini halimlishi mtu.

Huyo bibi ndiye aliyenifundisha kurehemu. Mtu akifa kwetu husomewa hitima, na katika hitima hutajwa majina ya waliotangulia, mmojammoja na baba yake, ubani unafuka kwenye chetezo, kila jina na Fatiha yake. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, lakini wafu wa mji mzima alikuwa nao kichwani, na kabla hajafa akawahamishia kwangu. Mimi nimesoma hadi darasa la nne, na chuo cha Kurani, basi. Majina sijapata kuyaandika. Yamekaa yenyewe. Naweza kukutajia wa Tongoni wote, na wa Mombasa, na wa Unguja ambao hata sikuwaona, kwa sababu watoto wao tuko nao huku Sydney na walinipa niwabebee. Humu sitaandika hata moja. Jina la marehemu hutajwa kwa ubani, haliachwi kwenye karatasi ambayo kesho mtu atafungia vitumbua.

Kanuni aliyonipa bibi ilikuwa moja tu. Unaanza na kaburi la mbali, unamaliza na la mlangoni kwako. Wafu wa mgeni kwanza, wa kwako mwisho. Mwenye nyumba hali kabla ya mgeni, na wafu wake hali kadhalika.

Basi tukaketi mezani na karatasi ya mwalimu. Ilikuwa imeorodhesha sababu: vita, maradhi, ukame, biashara. Mjukuu alitaka nichague moja. Nikamwambia aandike biashara, kwa kuwa ni kweli. Dhahabu ilitoka kusini ikapita Kilwa, na aliyeishika Kilwa alishika mfuko wa pwani nzima. Njia ya dhahabu ilipoingia mikono mingine, Kilwa ikawa kama duka ambalo barabara imehamishwa. Lakini kabla ya hapo, nikamwambia, wakubwa wa Kilwa walikuwa wameshaanza kugombania kiti wenyewe kwa wenyewe, huyu anamtoa yule, yule anamweka mwanawe. Barabara ilihama, ndiyo, lakini ilikuta mwenye duka anapigana na ndugu zake nyuma ya kaunta.

Akaniuliza nayajuaje haya. Nikamwambia nimeyaona kwa macho.

Nimefagia maofisi ya mjini Sydney miaka kumi na tisa. Nilitoka na treni ya alfajiri, wenye suti wakiingia mimi nimeshamaliza ghorofa mbili. Katika miaka hiyo nilibadilishiwa fulana ya kazi mara nne, kwa sababu kampuni ndogo ilimezwa na kubwa, na hiyo kubwa ikamezwa na nyingine kubwa zaidi. Deki ilikuwa ileile, na ndoo ileile. Mara ya pili nikaanza kuzijua dalili. Wasimamizi huacha kusalimiana. Wanafichana funguo za stoo. Huyu wa ghorofa ya juu hamwambii wa chini kuwa sabuni imekwisha, anamwacha aaibike. Ukiona hivyo, hesabu, haipiti Krismasi utaletewa fulana mpya. Mara ya nne nilimwambia mwenzangu mmoja kutoka Bukavu apime saizi yake mapema. Alicheka, na kabla ya mwezi kwisha tulivalishwa kijani.

Mjukuu aliandika hilo la fulana. Sijui mwalimu alilipokeaje.

Kisha nikamweleza habari ya Mtang'ata kama nilivyoipata. Mtang'ata ulikuwa mji mdogo na Mombasa mji mkubwa, na mkubwa alikuwa na kiburi cha ukubwa. Mreno alipotokea na merikebu zake, Mombasa walimkatalia. Watu wa Mtang'ata walipoona Mombasa wamemkatalia, wakampokea. Malindi nao walifanya hivyohivyo, kwa sababu hiyohiyo. Hawakumpenda Mreno, wala hawakumjua. Walikuwa wamemchoka jirani. Mombasa ukapigwa na kuchomwa moto, na siku ule moto unawaka wako waliofurahi. Baadaye watu wa Mombasa nao walipotaka kumtoa Mreno walikwenda kuwaita Waomani wawasaidie. Waomani wakaja, wakasaidia kweli, na walipomaliza kusaidia hawakuondoka.

"Kwa hiyo mbaya alikuwa nani?" akauliza.

Nikamwambia hiyo ndiyo shida ya shule, wanataka mbaya mmoja. Kila mmoja alikuwa na sababu yake nzuri. Dola mpya haiji kwa kuvunja mlango. Inaitwa na mtu wa ndani aliyeona heri mgeni asiyemjua kuliko jirani anayemjua. Hilo likishatokea, mizinga ni mapambo.

Nilikuwa nimekaa vizuri sana kwenye kiti, nasema nikiijua kila nukta. Swali la mwisho la karatasi liliuliza watu wa ufalme huo wangeweza kufanya nini ili wasianguke. Nilijibu upesi kama muuza samaki anayeulizwa bei.

"Wangepelekeana mabakuli."

Akanitazama. Nikamweleza kuwa kwetu jirani mliyenuniana hapelekewi maneno. Unampelekea chakula ndani ya bakuli, kimya, na bakuli la mtu halirudishwi tupu, ni aibu. Kwa hiyo naye atapika chake atie humo akurudishie. Wewe nawe umeshakula chake, lazima utie kitu tena umpelekee. Safari ya tatu mmeshaanza kuulizana chumvi. Mtang'ata walikuwa na mabakuli mazuri kuliko yote ya pwani, nikasema, na wakayabandika makaburini badala ya kuyapeleka Mombasa na wali.

Hilo lilimpendeza. Akasema anahitaji picha ya bakuli aioneshe darasani, akaenda kwenye kabati langu la vioo. Nilimsikia akihamisha vikombe. Akarudi na bakuli jeupe lenye maua ya buluu, kubwa, la kutosha wali wa watu sita, akaligeuza. Chini lilikuwa na tone jekundu la rangi ya kucha.

Sisi wanawake wa pwani tukikutana na vyombo, kila mmoja hutia alama yake chini ili visichanganyike jikoni. Yangu ni uzi wa kijani uliofungwa kwenye sikio la sufuria, na tone la kijani kwenye sahani. Mjukuu anajua hivyo, amekulia chini ya vyombo hivyo.

"Hili si lako," akasema. Safari hii alisema kwa Kiswahili.

Lilikuwa la shoga yangu wa Mombasa. Tulikutana mwaka niliofika, katika ofisi ya wahamiaji pale Liverpool, hii ya hukuhuku Sydney, nikiwa namgombeza binti yangu, naye ameketi nyuma yangu. Akasema kwa sauti, asemavyo mtu asiyejali, kwamba huyu ni wa Tanga huyu, hata kugomba anagomba polepole. Tangu siku hiyo hatukuachana. Yeye alinifundisha kupanda basi, mimi nilimfundisha kupika maandazi, na mpaka leo anayaita mahamri na kudai ni yake. Tukawakusanya wanawake wengine, wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, tukawa tunasoma hitima Jumamosi moja kila mwezi, nyumba hii leo na ile kesho. Wao walisoma na mimi nilitaja majina. Hicho kilikuwa kiti changu na sikukificha.

Miaka miwili nyuma alikufa dada yangu Tanga, na sikuweza kwenda kumzika. Hitima ya mwezi ule ilikuwa kwangu. Wenzangu wa Mombasa walichelewa na chakula, wakaingia wakicheka, shoga yangu mbele na bakuli lake la wali. Mimi nilikuwa na dada yangu kooni. Nikaanza na dada yangu. Nikafuata na wa Tongoni, wote, mpaka watoto wachanga. Nikaenda Unguja. Mombasa nikawataja nusu, nikafunga dua. Nilimwacha mama wa shoga yangu.

Laiti ningekuwa msahaulifu. Mtu mwingine akiruka jina, watu husema uzee. Lakini wote waliokuwa mle chumbani wanajua kuwa mimi sisahau, basi hapakuwa na njia ya kuliita kosa. Alisimama, akachukua mtandio wake, akaondoka, na bakuli likabaki. Nilisema wakati ulikuwa umekwisha, watu wana treni. Nimelisema hilo miaka miwili, na sauti yangu haikuwahi kutetemeka.

Akaanzisha hitima yake Liverpool. Nami, ili wasimfuate wote, nikamtuma binti yangu kwa jumuiya moja kubwa ya watu wa nchi nyingine, Waislamu wenzetu wenye ukumbi wao, watupe nafasi. Wakatupa kwa moyo mweupe. Haikupita wiki naye akaenda kuomba palepale. Wakampa pia, na baada ya muda wakauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini wanawake wa pwani wasome mara mbili, si tuchanganye yote na kisomo chao? Wana viti, wana kipaza sauti, wana imamu. Imamu husoma vizuri mno. Mwishoni husema "na wafu wetu wote," na watu huitikia amin. Wafu wetu wote wamekuwa jina moja. Hakuna aliyetunyang'anya kitu. Tulikwenda wenyewe, mimi kwanza na yeye pili, kila mmoja akimkimbia mwenzake.

Hayo yote nilikuwa nikiyajua, lakini sikuwahi kuyaweka meza moja na Mtang'ata. Mjukuu bado alikuwa amelishika bakuli.

"Mbona hukulirudisha?"

Nikamwambia achukue picha kwanza, kisha alirudishe kabatini, na nikaenda kuzima jiko ambalo lilikuwa limezimwa.

Jambo lenyewe lilikuwa na siku zake. Mume wa shoga yangu alikuwa amefariki, na Jumamosi ile inayokuja ilikuwa arubaini yake. Siku ya mazishi nilimtuma binti yangu na salamu, nikajisingizia magoti. Arubaini ikipita bila mimi, hakuna mlango mwingine unaobaki. Tena shoga yangu yuko eda, mjane hatoki nyumbani mpaka miezi minne na siku kumi zitimie, kwa hiyo hata angetaka kuja kwangu asingeweza. Zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimeshaijua tangu siku ya mazishi.

Binti yangu alirudi kutoka kazini hospitali akanikuta nimetoa unga wa mchele.

"Mama, hujaalikwa."

"Msiba hauna kadi," nikamwambia.

Nikapika mkate wa kumimina kwa tui la kopo, maana ndilo tulilo nalo, nikaukata vipande, nikaupanga ndani ya bakuli la maua ya buluu, nikalifunga kwa kitambaa. Mjukuu akalibeba. Tukapanda treni, tukabadilisha Glenfield, tukashuka Liverpool. Vituo vitatu. Njiani aliniuliza kama nimepanga maneno. Nikamwambia maneno ameyabeba yeye.

Nyumbani kwake shoga yangu alikuwa ameketi juu ya mkeka, amevaa nyeupe, wanawake wamemzunguka, wengi wao walewale wa zamani. Alitazama bakuli kabla ya kunitazama mimi.

"Nilidhani limevunjika," akasema.

"Halikuvunjika. Lilikuwa kifungoni."

"Na aliyelifunga?"

"Amekuja nalo."

Akafungua kitambaa, akabonyeza mkate kwa kidole kama mtu sokoni. "Tanga ni mbali kweli," akawaambia wenzake. "Vituo vitatu, miaka miwili." Wakacheka, lakini yeye hakucheka, wala hakuniambia nikae. Nikakaa.

Imamu alikuwa chumba cha wanaume, tukimsikia kupitia pazia. Akasoma, akamaliza vizuri, akasema na wafu wetu wote. Wanawake wakainua mikono. Mimi nikamsogelea shoga yangu nikamwambia chini kwa chini kuwa kuna majina.

"Sikukuomba," akasema.

"Najua."

Hapo, nakiri, sikujua atasema nini, na mimi ni mtu wa kujua.

"Unayo yote?"

"Ninayo."

"Hata lile?"

"Hilo ndilo la kwanza."

Akageuka akamwambia binti yake atie ubani kwenye makaa. Mtu akapenya pazia kuwaomba wanaume wasubiri, nao wakasubiri. Nikaanza na kaburi la mbali. Nilimtaja mama yake, na baba wa mama yake, na babu, polepole kama tunavyogomba sisi watu wa Tanga, nikasimama Fatiha yake ikasomwa mpaka mwisho. Kisha mume wake. Kisha Mombasa wote, pamoja na wale niliowaacha siku ile, nikapita Unguja, sikuruka hata mtoto. Mjukuu wangu alikuwa amekaa karibu na mlango na sikumwona akigusa simu.

Nilipofika kwangu nilivuta pumzi ili nianze wa Tongoni. Shoga yangu akaniwekea mkono gotini. Akafumba macho akamtaja dada yangu, jina lake na la baba yetu na la babu yetu wa tatu, bila kukosea. Dada yangu nilikuwa nimemtaja mara moja tu mbele yake, siku ile aliyoondoka.

Fatiha hiyo sikuisikia vizuri.

Wakati wa kuondoka nilimwambia kwamba mwezi ujao ni zamu ya nyumbani kwangu, lakini kwa kuwa yuko eda tutasomea kwake mpaka atoke. Tukishasoma kwetu tutakwenda na ukumbini kwa wenzetu kama wageni, tukiwa na chakula mkononi, maana wema wao ni wema. Akasema mipango nilikuwa nayo tangu zamani, tatizo langu ni kupanga bila kuuliza. Nikamwuliza. Akasema sawa.

Kwenye treni mjukuu alinisomea alichoandika katika nafasi ya mwisho ya karatasi. Alikuwa ameandika kwamba Mtang'ata na Mombasa wangeweza kuokoka kama mmoja wao angekubali kusafiri vituo vitatu. Nikamwambia mwalimu hataelewa. Akasema atamweleza.

Mapajani nilikuwa na bakuli jingine, la kijivu, limejaa mahamri, nami huyaita maandazi. Nililigeuza kidogo kutazama chini. Lina tone jekundu. Nitalirudisha Jumatano.